Kilo Saba za Mkononi

Simu ya binti yangu ilinikuta uani nasugua chuma cha vitumbua. Aliongea kwa sauti ya chini, kama mtu anayeogopa kumwamsha mgonjwa, kumbe mgonjwa ni yeye. Alikuwa amejifungua kwa operesheni kule Mwanza anakoishi na mumewe. Mtoto wa kike, mzima, Alhamdulillah. Nilimshukuru Mungu palepale, mikono ikiwa na povu. Halafu nikasikia mtoto analia nyuma yake.

"Kuna nini?" nikamuuliza.

"Maziwa hayatoki, mama. Mtoto analia. Kila mtu ananiambia kula, na mimi chakula hakipiti."

"Unataka nini? Sema chochote."

"Uji wa bibi."

Sikumuuliza ni uji gani. Kwetu Uluguru, kwa mama yangu kule juu ya Mkuyuni, mzazi hunyweshwa uji wa mtama wenye karanga, mdalasini na pilipili manga nyingi. Pilipili hiyo haitwangwi mapema. Inatwangwa sufuria ikiwa tayari jikoni, na inaingia ndani ya uji ikiwa bado inawasha pua za watu wote nyumbani. Unakunywa, unatokwa jasho, machozi yanakutoka, unaomba mwingine. Mimi nilinyweshwa huo kwa watoto wangu wote. Huyu binti, akiwa mdogo, alikuwa anangoja mdogo wake azaliwe ili akwangue sufuria.

Mume wake hakupoteza muda. Jioni ileile akanitumia tiketi ya ndege kwenye simu, ya keshokutwa, kutokea Dar. Kwa basi ningefika nimechelewa na nimechoka, na mtoto asiye na maziwa hana habari na uchovu wa bibi yake. Ila tiketi ilikuwa ile ya bei ya chini, isiyo na mzigo wa kuweka tumboni mwa ndege. Kilo saba za mkononi, basi.

Niliusoma ujumbe huo wa Kiingereza mwenyewe. Kuna kipindi nilikuwa namwachia jirani sufuria ya maharage, nakwenda masomo ya jioni hapa mjini Morogoro, nakaa kwenye madawati ya watoto wa mchana, magoti yamebana kwenye ubao. Kiingereza changu hakikufika mbali, lakini neno la mkono nilifundishwa na saba nilifundishwa. Nikausoma tena, nikijua kabisa kwamba kurudia kusoma hakutaiongeza. Saba ikabaki saba.

Asubuhi, baada ya sala ya alfajiri, nikaenda Mkuyuni, nikapanda kwa mama. Nilipanda na begi lenyewe, nguo zangu zimo tayari, ili tupange kila kitu hukohuko na nisidanganywe na macho. Mama nilimkuta amekaa kwenye kigoda mlangoni. Habari alikuwa ameshapata. Unga wa mtama alikuwa ameshasaga, pilipili manga ameshaipepeta, vijiti vya mdalasini amevifunga kwa uzi wa mgomba.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mbona begi lenyewe dogo hivyo? Unakwenda kulea au unakwenda kusalimia?"

"Ndivyo walivyosema, mama. Kilo saba."

"Saba za nini?"

"Za kila kitu."

Akaingia ndani. Nilimsikia anasogeza mitungi. Alipotoka alikuwa amekumbatia kinu chake cha viungo, kile kidogo, kizito, cha mti mgumu uliokuwa mweusi kwa mafuta ya karafuu na pilipili. Mchi wake ulikuwa ndani, umesimama. Akaviweka juu ya begi langu kana kwamba begi ni meza.

"Mama, Mwanza kuna vinu."

"Vipo. Vya kutwangia dagaa. Unataka mjukuu wangu anywe uji unaonuka dagaa?"

"Nitatwanga hapahapa, nibebe unga wa pilipili."

"Ukitwanga leo, ukifika una vumbi. Mtoto hakukuambia anataka uji wa vumbi."

"Watu wa ndege wanapima, mama."

"Wao kazi yao kupima. Yako kubeba."

Sikubisha tena. Nilijua alichokuwa anasema. Pilipili manga anayoikumbuka binti yangu ni ile inayopasuka mbele yake, si ile ya pakiti. Kama nakwenda na uji, nakwenda na uji wenyewe. Nikakaa chini nikaanza kupanga.

Kinu kina tumbo, na tumbo la kinu ni nafasi, kwa hiyo pilipili manga ikaingia humo, kwenye mfuko, mchi ukalala pembeni. Unga nikautia kwenye mifuko miwili ya nailoni, nikaisukuma huku na huku ili ikishike kinu kisigongane na chochote. Mdalasini nikauviringisha ndani ya kanga mbili mpya za kumbebea mtoto. Juu nguo zangu: madera matatu, gauni la kitenge nililoshonesha kwa ajili ya kuvaa siku ya akika ya mjukuu, ndala za ndani. Msahafu na miwani nikaviweka kwenye kipochi cha begani. Mama akaniletea na chupa ya asali. Nikaiangalia, nikamwambia hiyo hapana, imezidi sasa. Akaiweka chini, karibu na mguu wangu.

Nilipoteremka ile chupa nilikuwa nayo mkononi. Huwezi kumwacha mama yako na chupa chini.

Pale sokoni Mkuyuni pana mnunuzi wa viungo mwenye mizani ya kuning'iniza, ile yenye ndoano. Pilipili yetu yote hupita kwenye ndoano hiyo. Nikaona heri nipime pale kuliko kwenda kubahatisha.

"Leo umeleta nini, mama?" akaniuliza. "Mdalasini siku hizi unakuja na begi la magurudumu?"

"Leo siuzi. Nasafiri kwa ndege. Nipimie begi."

Akalitundika. Begi likazunguka kidogo, mshale ukatulia.

"Sita na kidogo," akasema. "Una nafasi, mama. Ongeza."

Moyo wangu ukafurahi. Nikafungua zipu, nikaiingiza asali. Akalitundika tena, saba haijafika. Nilipofika mjini nikapitia sokoni nikajazia nafasi iliyobaki na karanga za Gairo, zile nyekundu ndogo, maana mama hakuwa nazo. Nikajiambia Mungu amenirahisishia.

Siku ya safari nilipanda treni ya umeme mpaka Dar. Mdogo wangu wa kike anaishi huko, akanipokea, akanisindikiza hadi uwanja wa ndege. Huyu mdogo wangu hajawahi kukaa kimya hata kwenye msiba. Njia nzima alikuwa ananifundisha ndege, naye ndege amepanda mara moja tu.

"Usiombe kushuka njiani, dada. Hawasimami."

Kwenye kaunta alikuwepo msichana mwenye skafu shingoni, mpole, akaniamkia vizuri. Akaniambia niweke begi juu ya mizani. Nikaliweka kwa kujiamini. Tarakimu nyekundu zikapanda, zikafika saba, zikapita, zikafika nane, zikapita, ndipo zikatulia.

"Mama, limezidi."

"Haliwezi kuzidi. Nimelipima."

"Umelipima wapi?"

"Mkuyuni."

Nilimsikia mdogo wangu nyuma yangu anavuta pumzi. Halafu akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika kaunta.

"Dada," akasema, "mizani ya Mkuyuni? Ile ya mnunuzi? Umeiamini tangu lini?"

Ndipo nikaelewa. Mizani ile haijawahi kutupa kilo kamili tangu nikiwa mtoto. Tunashuka nalo gunia tukijua limejaa, linateremka kwenye ndoano limepungua, tunanung'unika njia nzima ya kurudi mlimani. Kila mtu anajua. Mimi najua. Lakini siku ile nilikuwa siuzi, nikaona kama mizani nayo itajua kwamba leo siuzi. Kile ilichozoea kuwala wakulima ilikila na kwenye begi langu, na sasa kilikuwa kinatokea pale kwenye tarakimu nyekundu, mbele za watu.

Kulipia ziada hakukuwa kwenye uwezo wangu, hilo tuliache. Msichana akasema, "Punguza mama, kuna muda kidogo. Pisha wenzako, ukimaliza uje moja kwa moja kwangu."

Tukakaa pembeni sakafuni, begi wazi kati yetu.

"Toa kinu," akasema mdogo wangu.

"Kinu hakitoki."

"Toa unga, basi. Mwanza mtama umejaa."

"Unga umesagwa na mama. Hautoki."

Akanitazama. Akachomoa kanga moja ya mtoto, akaikung'uta. "Sikiliza. Tiketi imesema za mkononi, si ndiyo? Wewe umesoma. Mgongo hawajautaja. Tukifunge kinu mgongoni, tukivalishe kofia, nani atamgusa mama na mtoto wake?"

Siwezi kusema sikulifikiria. Mkono niliujua, mgongo nao ni mgongo, na kinu kingekaa vizuri, kina umbo la mtoto anayelala.

"Wakiniuliza jina la mtoto?"

"Kinu bin Mchi."

Hapo hata mimi nilicheka. Lakini nilimwambia hapana. Nilikuwa nimetoka kuswali rakaa mbili za safari, nimemwomba Mungu anifikishe na anipe la kumpa mwanangu. Siwezi kumaliza dua hiyo halafu nikasimama mbele ya binti wa watu nikamdanganya kwamba gogo ni mtoto. Uji ambao ningepika baada ya hapo ningeuonaje?

"Basi unatoa nini?" akaniuliza.

"Mimi," nikamwambia. "Natoa vya kwangu."

Nikaenda chooni nikavaa dera juu ya dera, na la tatu juu yake, baibui juu ya yote. Kanga moja nikajitanda kichwani, nyingine mabegani, mdalasini nikauhamishia ndani ya kinu. Gauni la akika halikuingia tena mwilini, nikalikunja nikampa mdogo wangu. Ndala nikampa. Asali nikampa, hiyo hakuipokea kwa huzuni. Nilipotoka nilikuwa mnene kama gunia la pamba, joto la Dar linanichemsha kutoka ndani, lakini kilichobaki ndani ya begi kilikuwa ni uji mtupu. Unga, karanga, pilipili, mdalasini, kinu na mchi wake.

Nikaliweka kwenye mizani. Tarakimu zikapanda taratibu, zikaisogelea saba, zikasimama kabla ya kuifikia. Yule msichana akanitazama mimi, akalitazama begi, akabana midomo asicheke.

"Safari njema, mama. Na huko Mwanza utavaa nini?"

"Hivi hivi nilivyovaa, kwa zamu."

Nilimuaga mdogo wangu nikiamini kazi imekwisha. Nikafika kwenye mashine ya kukagua. Begi likaingia, likarudishwa nyuma, likaingia tena. Baba mmoja wa makamo aliyevaa sare akanifungulia zipu mbele yangu, akachomoa mchi, akaupima kwa mkono.

"Nini hii, mama?"

"Mchi."

"Naona ni mchi. Hata kwetu upo. Lakini ndani ya ndege haupandi."

"Kwa nini?"

"Ukimpiga nao mtu?"

"Nimpige mtu, nimeshamaliza pilipili?"

Hakucheka, lakini hakuwa mkali. Akauzungusha tena mkononi, akatikisa kichwa.

"Na kinu?" nikamuuliza.

"Kinu hakina neno."

"Kinu bila mchi kinafanya kazi gani?"

"Hilo, mama, mimi sijaelekezwa."

Akaniruhusu nimpigie mdogo wangu simu, maana alikuwa hajafika hata barabarani. Mdogo wangu akarudi mlangoni, mtumishi mmoja akampelekea mchi. Nilimwona kwa mbali kupitia kioo, mkono mmoja ana chupa ya asali, mkono mwingine ameinua mchi juu kama anayeniaga kwa rungu. Nilikaa kwenye kiti nikasoma dua yangu. Nikajiambia, pilipili ipo, kinu kipo, cha kupigia Mungu ataniletea. Sikujua atakitoa wapi. Nilijua tu kwamba sirudi nyumbani.

Ndani ya ndege sikuona mengi. Kijana aliyekaa jirani alinisaidia kuinua begi, akaguna, akaniuliza nimebeba mawe. Nikamwambia nimebeba uji. Akanifunga mkanda, akalala.

Mume wa binti yangu alinipokea. Nyumba yao ipo mlimani, na mlima wenyewe ni mawe. Mawe makubwa kama nyumba, mengine yamepandana, nyumba za watu zimejipenyeza katikati. Binti yangu alikuwa amelala ubavu, uso umekuwa mdogo. Mtoto alikuwa mikononi mwa mama mkwe wa binti yangu, mama wa Kisukuma mrefu, mkunjufu, aliyekuwa amekesha naye siku zote hizo. Alikuwa ameshampikia kila alichojua, samaki, uji wa ulezi, mchuzi. Sufuria zilikuwa zimejaa.

Nikambusu mwanangu kwenye paji la uso. Akafumbua macho, akasema, "Mama," akafumba tena. Nikaenda jikoni bila kuvua hata dera moja. Nikabandika maji, nikatoa kinu nikakiweka sakafuni. Yule mama akanifuata na mtoto begani, akachungulia ndani ya kinu, akachungulia ndani ya begi, akanitazama mimi niliyevimba kwa nguo.

"Mtani wangu," akasema, "umepanda ndege na kinu, mchi umeuacha?"

"Wameukataa."

"Wamekataa mchi wakakubali kinu. Na wewe ukaja nacho."

"Nikaja nacho."

"Waluguru," akasema, akamlaza mtoto mikononi mwangu, akatoka nje. Nilimsikia anazunguka nyuma ya nyumba anaongea peke yake. Akarudi na jiwe refu la mviringo, laini, linaloenea kwenye kiganja. "Shika. Mwanza tuna upungufu wa vitu vingi, lakini si huu."

Akamchukua mtoto, nami nikalisugua jiwe kwa sabuni, nikalimwagia maji ya moto, mara mbili. Nikasema bismillah, nikamimina pilipili manga ya mama yangu ndani ya kinu, nikaanza kupiga. Mlio haukuwa wa mchi. Ulikuwa mzito zaidi, mfupi. Lakini punje zikapasuka kama kawaida yake, na harufu ikapanda, ikajaa jikoni, ikaenda ukumbini. Yule mama akapiga chafya. Mtoto akapiga chafya, ndogo, tukatazamana.

Kutoka chumbani nikasikia sauti ya binti yangu, si ile ya kwenye simu.

"Mama. Sasa umefika."

Nilimpelekea bakuli la kwanza nikamwinua taratibu, mto nyuma ya mgongo. Akanywa funda moja. Machozi yakamtoka, jasho likamtoka puani.

"Pilipili imezidi, mama. Umeweka ngapi?"

"Sijui. Imepimwa Mkuyuni."

Yeye amekulia kwenye pilipili na mizani ile. Alielewa kabla sijamaliza. Akaanza kucheka, akashika tumbo kwa mikono miwili. "Usinichekeshe, mshono," akasema, na huku anacheka. Nilipomsimulia mizani ya uwanja wa ndege na Kinu bin Mchi, mama mkwe wake aliyekuwa mlangoni ikabidi akae chini.

Jioni ile nilimpigia mama yangu simu nikamweleza yote, hadi tarakimu nyekundu. "Kwa hiyo mwaka huu pilipili tutaipima kwingine," akasema, akaniuliza kama mtoto amekunywa. Nikamwambia mabakuli mawili, na la tatu linapoa.

Maziwa yalianza kutoka kesho yake asubuhi. Muuguzi alisema yangetoka tu, kwamba waliofanyiwa operesheni wakati mwingine huchelewa. Sina ugomvi naye. Mimi nilikuwa nimekaa kitandani, dera la pili mwilini, la kwanza limeanikwa juu ya jiwe nje, namshikilia mjukuu wangu kwenye ziwa la mama yake huku akitafuta, anakosa, anatafuta tena. Halafu akashika. Tulimsikia wote anameza. Binti yangu hakuondoa macho kwake, akanyoosha mkono mmoja kwangu, kiganja juu.

"Bakuli," akasema.